Maswali ya Wasomaji: Kamera ya Nyumbani ya Kurekodi Vimondo

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari mjini Dodoma, na nyumba ninayoishi iko pembezoni mwa mji, mahali ambapo taa za barabarani bado hazijafika. Nimesoma kwamba kuna watu wanaofunga kamera juu ya mapaa yao ili zirekodi vimondo usiku kucha wakati wenyewe wamelala, na kwamba picha zao hutumiwa na watafiti. Ningependa kuifanya kazi hiyo pamoja na wanafunzi wangu. Je, tunahitaji vifaa gani, kamera ielekezwe wapi, na tutajuaje kwamba kilichorekodiwa ni kimondo kweli? Dada yangu anaishi Mpwapwa, naye yuko tayari kufungiwa kamera nyingine ikiwa itakuwa na faida.
— Mwalimu, Dodoma

JIBU: Mwalimu, naomba nianzie mwisho wa barua yako, kwa kuwa jambo ulilolitaja kama nyongeza ndilo lenye uzito kuliko mengine yote. Mfungie dada yako kamera. Kamera moja itakuonyesha kwamba kimondo kimepita, kimepita saa ngapi na kilikuwa na mwanga kiasi gani, lakini haiwezi kukuambia kilipita umbali gani kutoka kwako, kwa sababu kimondo kilicho karibu kinachokwenda polepole na kilicho mbali kinachokwenda kasi huweza kuchora mstari uleule katika picha. Kamera mbili zilizo mbali kiasi zikikiona kimondo kilekile, mambo hubadilika. Mstari unaoonekana katika kila picha, ukiunganishwa na mahali kamera ilipo, hufanya bapa moja kubwa linaloelekea angani. Bapa la Dodoma na bapa la Mpwapwa hukutana kama kuta mbili za nyumba zinavyokutana kwenye pembe, na mstari wa makutano hayo ndio njia halisi ya kimondo. Kutokana na njia hiyo mnapata kimo kilipoanza kuwaka, kimo kilipozimikia na kasi yake, ambayo huwa kati ya kilomita 11 na 72 kwa sekunde. Na mkishaondoa athari ya mvutano na mwendo wa Dunia, mnaweza kukokotoa njia ambayo chembe ile iliyowaka ilikuwa ikiifuata kulizunguka Jua kabla ya kukutana nasi. Mwanafunzi wa kidato cha tano anaweza kuielewa hesabu hiyo hatua kwa hatua, na sioni namna bora zaidi ya kumfundisha vekta.

Njia hii imekuwapo kwa muda mrefu. Tarehe 7 Aprili 1959 kamera za watafiti wa Chekoslovakia zilipiga picha kimondo kikubwa kutoka vituo viwili, na mawe yake yakaokotwa karibu na mji wa Příbram. Hilo ndilo lilikuwa jiwe la kwanza kutoka angani ambalo njia yake ya kulizunguka Jua ilijulikana kwa kupimwa katika picha. Wakati huo kazi ya namna hiyo ilihitaji kituo cha utafiti chenye wafanyakazi na sahani za kioo za kupigia picha. Leo inafanywa na watu majumbani. Usiku wa tarehe 28 Februari 2021 kimondo kikubwa kilipita juu ya Uingereza, kikarekodiwa na kamera za vimondo ambazo nyingi kati yake zilikuwa za watu binafsi, na asubuhi iliyofuata familia moja katika mji wa Winchcombe ikakuta vipande na vumbi jeusi mbele ya nyumba yao. Kwa kuwa njia yake ilikuwa imepimwa, watafiti waliweza kujua jiwe lile, ambalo ni la aina adimu yenye kaboni, lilitoka sehemu gani ya eneo la sayari ndogo.

Umbali wa Dodoma na Mpwapwa kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 85, na umbali huo unafaa sana. Vituo vikikaribiana mno, mabapa yale mawili yanakutana kwa pembe nyembamba na kosa dogo la kipimo linakuwa kosa kubwa la kimo; vikiachana mno, kamera haziwezi kuitazama sehemu moja ya anga zikiwa zimeinuka vya kutosha juu ya upeo. Vimondo vingi huwaka kati ya kilomita 80 na 110 juu ya ardhi, kwa hiyo tuchukue kilomita 95 kuwa kimo cha kupangia. Kamera yako ikielekezwa kusini na kuinuliwa nyuzi 45, katikati ya picha yake patakuwa juu ya eneo lililo kilomita 95 kusini mwa nyumba yako. Ukilitazama eneo hilo kutoka Mpwapwa, liko kusini-magharibi, umbali wa kilomita 110 hivi kwa kipimo cha ardhini, na ndiyo maana kamera ya dada yako inapaswa kuelekea huko ikiwa imeinuliwa nyuzi 40 au zaidi kidogo. Mkizielekeza zote mbili kusini moja kwa moja, bado zitashirikiana sehemu kubwa ya anga, ila mtapoteza vimondo vinavyopita pembeni.

Nimekuchagulia kusini kwa sababu ya jua. Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani Kaskazini, ambako inatosha kuiepusha kamera na upande wa kusini. Sisi tulio karibu na ikweta tunapitiwa na jua kaskazini nusu ya mwaka na kusini nusu nyingine, kwa hiyo miongozo hiyo haiwezi kufuatwa bila kufikiriwa upya. Mjini Dodoma, jua la adhuhuri mwezi Juni liko kaskazini kwa kimo cha nyuzi 60 hivi, yaani lingeingia ndani kabisa ya picha ya kamera inayotazama kaskazini. Mwezi Desemba linapita kusini, lakini kwa kimo cha nyuzi 73, juu ya ukingo wa picha yako, ingawa huenda likagusa pembe zake asubuhi na alasiri. Kamera ya Mpwapwa haitakuwa na bahati hiyo, kwa kuwa jua la alasiri litaiingia tangu Septemba hadi Machi hivi. Lenzi za kazi hii hukusanya mwanga mwingi sana, na jua likilenga kihisio kila siku humchosha na kumpasha joto mlinzi huyu wa usiku bila sababu. Mwambie dada yako aifunike kamera mchana katika miezi hiyo, na aifunue kabla ya magharibi.

Kuhusu vifaa, fuata mpangilio ambao tayari unatumiwa na wengi, ili picha zenu ziweze kuunganishwa na za wengine. Mtandao uitwao Global Meteor Network, ulioanzishwa na mtafiti Denis Vida wa Chuo Kikuu cha Western nchini Kanada, una zaidi ya kamera elfu moja duniani, na programu yake, RMS, ni programu huria ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua. Kamera yenyewe ni kibao kidogo cha kamera ya ulinzi chenye kihisio cha Sony IMX291 au IMX307, kisichokuwa na kichujio cha kuzuia mwanga wa infraredi, na mbele yake kuna lenzi ya milimita 3.6 au 4 yenye uwazi wa f/0.95, ambayo inaona karibu nyuzi 90 kwa upana na 45 kwa urefu. Kamera hiyo inaunganishwa kwa kebo moja ya mtandao, inayopeleka umeme juu na kuleta picha chini, hadi kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyo ndani ya nyumba, yenye kadi ya kumbukumbu ya GB 128. Kasha la nje liwe lile la kamera za ulinzi lisiloingiza maji, na ndani yake uweke kifuko cha chembechembe za kunyonya unyevu. Kwa Dodoma, vumbi la kiangazi litakusumbua kuliko mvua. Kioo kipanguswe mara kwa mara kwa kitambaa laini chenye maji, kisisuguliwe kikiwa kikavu. Wakati wa masika ya radi, chomoa kebo ile wingu la ngurumo linapokaribia, hata kama utapoteza usiku mmoja.

Mchango mkubwa wa programu hiyo ni namna inavyohifadhi usiku mzima bila kujaza kadi. Kamera inatoa picha 25 kwa sekunde, na programu inazikusanya 256 kwa pamoja, yaani sekunde kumi na robo hivi, kisha inabakiza picha nne tu: ya mwanga mkubwa kuliko wote uliofikiwa na kila pikseli, ya nambari ya fremu ambayo mwanga huo ulitokea, ya wastani, na ya kiasi cha kubadilikabadilika. Kutokana na nne hizo mwendo wa kimondo unaweza kujengwa upya. Usiku wenye urefu wa saa kumi na moja unatoa vifurushi karibu 3,900 vya picha nne nne, sawa na GB 14 hivi. Asubuhi programu inachambua, inatenga vile vyenye vimondo na kuvituma. Hakikisha basi kwamba kifurushi chako cha intaneti kinaweza kubeba utumaji wa kila siku.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningeomba ulisimamie wewe mwenyewe, usimwachie fundi, nalo ni saa. Raspberry Pi 4 haina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika na kurudi wakati intaneti haipo, kompyuta inaendelea na saa isiyo sahihi bila kukuonya, na picha za usiku huo zinakuwa nzuri za kutazama lakini ngumu kuzitumia. Anga hutembea nyuzi 15 kwa saa kwa sababu ya mzunguko wa Dunia, kwa hiyo saa ikikosea dakika moja tu, nyota zote zinakuwa zimesogea robo ya nyuzi, ambayo katika kamera hii ni karibu pikseli nne, na mwelekeo mliodhani mmeupima kwa uangalifu unakuwa si ule. Pia kimondo cha Dodoma hakiwezi kulinganishwa na cha Mpwapwa ikiwa saa hazikubaliani. Weka UPS ndogo, yaani betri inayoshika umeme unapokatika, kwa ajili ya kompyuta na ruta pamoja. Mfumo mzima unatumia wati 10 hivi, kwa hiyo hata betri ya kawaida ya sola inaweza kuubeba hadi alfajiri. Kumbuka vilevile kwamba mafaili yanapewa majina kwa saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu: kimondo mlichokiona saa nane usiku wa kuamkia tarehe 14 kitakuwa na jina la tarehe 13, saa 23:00. Waeleze wanafunzi jambo hilo siku ya kwanza.

Baada ya saa kuna mahali, ambapo latitudo, longitudo na kimo cha kamera vinatakiwa kuwa sahihi kwa mita chache, na simu ya kawaida ikiachwa nje dakika kadhaa inatosha. Kisha fokasi, inayowekwa kwa kutazama nyota zenyewe usiku, si mlima wala mnara wa simu. Ikishapatikana, kaza skrubu ya lenzi na uirudie baada ya wiki moja, kwa kuwa joto la mchana chini ya bati linaweza kuisogeza. Hatua ya mwisho ni kuifundisha programu nyota zipi ziko wapi katika picha, kazi inayofanywa mara moja kwa mkono kwa kubofya nyota na kuzioanisha na orodha yake. Hapa ndipo wanafunzi wako watakapozijua nyota kwa majina, kwa kuwa hawataweza kuendelea bila kuutambua Msalaba wa Kusini, na kwa kamera ya Mpwapwa, kundinyota la Jabari linapoingia kwenye ukingo wa picha.

Uliuliza mtajuaje kwamba ni kimondo. Muda ndio shahidi wa kwanza: vimondo vingi humalizika ndani ya sekunde moja, wakati satelaiti huchukua makumi ya sekunde na zaidi kuvuka picha, na ndege huacha alama za taa zinazomweka. Wadudu na popo wanaopita karibu na kioo huonekana wanene na wenye ukungu kwa kuwa hawako kwenye fokasi, na njia yao hupinda; zima taa ya nje iliyo karibu na kamera, nao watapungua. Buibui hupenda kutanda mbele ya kioo, na uzi mmoja unaotikiswa na upepo unaweza kuipa programu mamia ya vimondo vya uongo kwa usiku mmoja. Lakini ushahidi ulio bora kuliko yote ni Mpwapwa kuwa na kimondo hichohicho, kwa sekunde hiyohiyo, katika kimo kinachowezekana.

SWALI: Hapa Bungoma nina kamera nne za ulinzi zinazorekodi mchana na usiku. Wazee hukumbuka mawe yaliyoanguka ng'ambo ya mpaka, Mbale, mwaka 1992. Je, kamera hizi zinaweza kusaidia likitokea jambo kama hilo, au ni lazima ninunue nyingine?
— Msomaji, Bungoma

JIBU: Zinaweza, na kwa tukio la aina ya Mbale zinaweza kusaidia kuliko kamera niliyomweleza mwalimu wa Dodoma. Mawe ya Mbale yalianguka alasiri ya tarehe 14 Agosti 1992, na jiwe la Thika liliwafikia wakulima wa huko tarehe 16 Julai 2011, nalo pia mchana. Kamera za vimondo hulala jua linapochomoza. Kwa Mbale watafiti waliofika baadaye iliwabidi wategemee maelezo ya walioona na ramani ya mahali mawe yalipookotwa. Mambo yalikuwa tofauti huko Chelyabinsk nchini Urusi tarehe 15 Februari 2013, asubuhi, ambapo video za kamera za ulinzi na za magari zilitosha kupima njia ya jiwe lile, baada ya watafiti kupiga picha za nyota kutoka mahali palepale video zilipochukuliwa ili wapate vipimo vya pembe.

Kwa hiyo, siku utakapouona mwanga mkubwa angani au kusikia mshindo usioeleweka, hifadhi mara moja video asilia kutoka kwenye kinasa chenyewe kabla haijafutwa na rekodi mpya, wala usiridhike na kuipiga picha ya simu kwenye skrini. Pili, linganisha saa ya kinasa na saa ya simu iliyo kwenye mtandao, uandike tofauti yake siku hiyohiyo. Tatu, na hili watu wengi hawalijui, usiigeuze kamera hata kidogo, kwa sababu ikibaki ilivyokuwa inaweza kupimwa miezi kadhaa baadaye. Hata kivuli cha nguzo kinachozunguka chini wakati kimondo kinapita kinaweza kupimwa.

Kwa vimondo vidogo vya kila usiku, kamera hizo hazitakufaa. Taa zake za infraredi hurudisha mwanga kutoka kwenye kioo, upunguzaji wa chengachenga (usafishaji wa picha unaofanywa na kamera yenyewe) huifuta michirizi hafifu, na zikiwa gizani nyingi kati yake hurefusha muda wa kila fremu hadi mwendo unapotea. Ukiwa na moja ya ziada unaweza kuijaribu kwa kuzima taa hizo, kuzima upunguzaji wa chengachenga, kufunga muda wa fremu kwenye milisekunde 40, na kuielekeza juu.

SWALI: Tunataka kuanza na kamera moja hapa Mombasa. Ni usiku gani wa mwaka tutegemee vimondo vingi?
— Kikundi cha vijana, Mombasa

JIBU: Orodha nyingi zitawaambia msubiri Agosti 12 na 13, zinapofika Perseidi, mojawapo ya mvua za vimondo za kila mwaka. Nawashauri msizitegemee sana. Kitovu chake, yaani mahali angani vimondo vyake vinapoonekana kutokea, kiko kaskazini mno, na kwa Mombasa hakipandi zaidi ya nyuzi 28 hivi, tena karibu na alfajiri. Geminidi za Desemba 13 na 14, zinazotokea upande wa kundinyota la Mapacha, ni bora zaidi kwenu, kwa kuwa kitovu chake hufika nyuzi 53 mnamo saa nane usiku. Chembe zake zinatokana na Phaethon, kitu chenye sura ya sayari ndogo kuliko ya nyota yenye mkia. Eta Akwaridi za mwanzoni mwa Mei, zinazotokana na nyota yenye mkia ya Halley, zinatufaa sisi watu wa ikweta kuliko wanavyofaidi Wazungu kwao, ila kitovu chake huchomoza mnamo saa nane usiku, na saa nzuri ni kuanzia saa kumi hadi mapambazuko. Mwezi huo kwenu ni wa mvua, kwa hiyo msikate tamaa wingu likizuia. Mwishoni mwa Julai kuna Delta Akwaridi za Kusini, ambazo hupita karibu na utosi na hazisifiwi inavyostahili katika miongozo ya kaskazini.

Siku zisizo na majina nazo msizime kamera, kwa sababu vimondo vya kawaida hupita kila usiku, vingi zaidi baada ya usiku wa manane kuliko kabla yake, wakati upande wetu wa Dunia unapoelekea kule tunakokwenda katika safari ya kulizunguka Jua. Kwa hewa ya bahari, tumieni skrubu na mabano ya chuma cha pua, muweke mafuta kwenye maungio ya kebo, na kioo mkioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila wiki, kwa sababu utando wa chumvi hauonekani mchana lakini usiku huigeuza kila taa ya mji kuwa duara la mwanga ndani ya picha. Mkipata mwenzenu Malindi, ambako ni zaidi ya kilomita 100 kutoka kwenu, mnaweza kuanza kupima.